Picha ya mishipa ya macho imetoka nyekundu, ndo glakoma? Maswali yenu

Glakoma ni ule ugonjwa unaoua neva ya jicho, wengi wanauita presha ya macho. Maswali ya safari hii karibu yote ni ya watu wasioona mbali, mtu kaenda kupima macho kwa ajili ya miwani tu, karudi na karatasi imejaa rangi nyekundu na usingizi hana. Twende.

Navaa miwani ya -8. Nimepigwa picha ya mishipa ya damu ya jicho nikaambiwa ni michache kuliko kawaida. Ndo nshapata presha ya macho?

Sio lazima, tulia kwanza. Jicho la mtu asiyeona mbali ni refu, la kawaida lina kama milimita 24 kutoka mbele hadi nyuma na likifika 26 hivi tayari linaitwa refu sana, sasa retina, ule utando wa kuonea ulioko kule nyuma, haiongezeki, inavutwa tu, ni kama wavu ukiuvuta sana matundu yanapanuka ingawa hujakata uzi hata mmoja. Kwa hiyo picha ya jicho lako itaonyesha mishipa imeachana hata kama hauna ugonjwa. Halafu kuna hili ambalo wengi hawaambiwi: ile rangi nyekundu inatokana na mashine kukulinganisha na watu waliomo kwenye kumbukumbu zake, na mara nyingi wenye miwani mikali kama yako hawakuwekwa humo. Isitoshe urefu wa jicho unavuruga vipimo vya picha yenyewe. Ila usije ukachukua hili kama ruhusa ya kutorudi kliniki, maana mwenye -8 kweli yuko kwenye hatari kubwa ya glakoma kuliko asiyevaa miwani.

Hiyo picha wanachoma sindano?

Kama ni ya OCT, yaani ile mashine inayopiga picha nyuma ya jicho kwa mwanga, hapana. Ni mwanga tu, mashine inapiga sehemu ileile mara kadhaa haraka haraka, kinachosogea ni damu, basi inachora njia zake. Yenye sindano ya rangi ipo, ila ni kipimo kingine.

Sasa daktari atajuaje kama ni urefu wa jicho au ni glakoma?

Hapa ndo penye kazi, na nikiri hata mabingwa wanaumiza kichwa. Glakoma ina mazoea yake. Inapenda kuanzia juu au chini ya pale neva inapotokea kwenda ubongoni, hasa chini upande wa sikio, inaacha pengo kama kipande cha pembetatu, na ukienda kupima uoni wa pembeni unakuta sehemu inayolingana na lile pengo ndo hauoni vizuri. Urefu wa jicho mara nyingi unapunguza mishipa kwa kusambaa, huku kidogo na kule kidogo. Kuna wakati pia kinaonekana kijidoa cha damu ukingoni mwa neva, hicho kikionekana daktari anashtuka na ana haki, tatizo kinafutika chenyewe baada ya wiki kadhaa kwa hiyo kukikuta ni bahati. Lakini picha moja haimalizi kesi. Inayofuata ndo inasema, ukilinganishwa wewe na wewe wa mwaka jana, kwa hiyo jamani tunzeni hizo karatasi, ukihama kliniki hama nazo.

Mishipa ya damu inakufa kwanza ndo neva ife, au kinyume chake?

Ubishi huu haujaisha. Wengine wanasema neva ikishakufa haihitaji damu nyingi, mishipa inanywea. Wengine wanasema damu ikipungua ndo neva inakufa njaa, na wanaonyesha wagonjwa wenye presha ya jicho ya kawaida kabisa, kati ya 10 na 21, na bado glakoma inawala. Mimi naona zote mbili zinatokea. Kinachokuhusu wewe: damu inaingia jichoni kwa kusukumana na presha ya ndani ya jicho, kwa hiyo presha ya mwili ikishuka sana usiku jicho linaweza kukosa damu. Kama unameza dawa za presha ya mwili wakati wa kulala mtajie daktari wa macho, usiziache mwenyewe tafadhali.

Nilifanya leza, miwani nimetupa. Bado nihesabiwe kama sioni mbali?

Ndiyo, na kuna mtego. Leza imenyoa konea, ile ngozi angavu ya mbele ya jicho, urefu wa jicho haujaguswa, kule nyuma mambo ni yaleyale. Halafu konea ikishakuwa nyembamba kipimo cha presha kinasoma chini kuliko ukweli, unaambiwa 14, unafurahi, kumbe ni zaidi. Daktari akikuona bila miwani hawezi kujua hilo, mwambie kabla hajakupima.