Bunduki ya upepo kwa panya wa bandani: kasi iliyoandikwa kwenye boksi isikudanganye

SWALI: Fundi, salamu. Panya wamenishinda. Wanatoboa magunia ya chakula cha kuku, wanaiba mayai, na sasa wameanza kubeba vifaranga. Sumu siwezi kutega kwa sababu nina mbwa na watoto wadogo, na mitego wameshaizoea. Nataka bunduki ya upepo ya bei ya chini. Kutoka mlango wa nyuma hadi bandani ni kama mita 15, na upande mmoja kuna ukuta wa jirani. Muuzaji mmoja ananishawishi nichukue iliyoandikwa futi 1,200 kwa sekunde, mwingine anasema bora ile inayojazwa hewa kwa pampu. Na peleti, yaani risasi zake ndogo, nichukue za milimita 4.5 au 5.5? Nikipata bunduki iliyokwisha kutumika, nikague nini?

JIBU: Ndugu yangu, pita kituo cha polisi kabla hujapita dukani. Kuna nchi ambako bunduki ya upepo inauzwa kama kifaa kingine chochote cha bustani, na kuna nyingine ambako sheria inaihesabu kuwa silaha kamili yenye kuhitaji kibali. Hata wanakoiruhusu, wengi huweka kikomo cha nguvu. Ujerumani, isiyohitaji kibali cha silaha haizidi joule 7.5, England mwisho bila kibali ni futi-pauni 12, yaani joule 16 na kidogo. Uliza mambo mawili: kumiliki, na kufyatua katika eneo la makazi. La kwanza likiwa ndiyo na la pili hapana, usinunue.

Tuseme umeruhusiwa. Huyo muuzaji wa futi 1,200 muage kwa heshima. Futi 1,200 kwa sekunde ni kama mita 366, kasi inayoishinda ya sauti, ambayo ni mita 340 hivi. Mara nyingi namba za namna hiyo hupatikana kwa peleti nyepesi ya aloi ambayo hutaitumia kuwinda chochote. Ukiweka peleti ya kawaida ya madini ya risasi, kasi inashuka sana. Na hata ingefika huko usingefurahi: peleti inapokaribia au kuvuka kasi ya sauti huyumbishwa na hewa, shabaha inatawanyika, na mlio wake mkali unawaamsha majirani wote.

Kibaya zaidi ni gharama ya kuitafuta kasi hiyo ndani ya bunduki rahisi. Springi inayosukuma pistoni ibane hewa inakuwa nene, kukoki, yaani kuikaza springi hiyo, kunadai nguvu ya kilo 20 na zaidi, teke linakuwa zito, na triga ya bei ya chini ni ngumu na haieleweki itaachia wapi. Bunduki ya hivyo inafyatua kwa nguvu lakini haipigi unapotaka. Panya umbali wa mita 15 hahitaji nguvu nyingi. Anahitaji peleti iingie kwenye ubongo, na eneo hilo upana wake ni kama sentimita 2 tu. Ukimpiga tumboni kwa joule 25 atakimbilia shimoni kufa taratibu na kunuka. Ukimpiga kichwani kwa joule 8 anabaki palepale. Bunduki ya springi ya Weihrauch HW30 ya Ujerumani ipo katika daraja la joule 7 hivi, na kwa umbali wako inatosha ukiwa na mkono mtulivu. Sikutumi kununua hiyo, maana bei yake si ya chini. Nataka tu uone kwamba nguvu si tatizo lako.

Kwa hiyo tafuta bunduki ya kati, joule 10 mpaka 16, ya kuvunja mtutu, yaani mtutu unakunjwa chini ili kukoki na kupakia, na yenye risasi moja moja. Watengenezaji Crosman, Gamo na Hatsan wote wana za daraja hilo, na ukiingia kwenye orodha zao ruka zile za juu kabisa. Jaribu kuikoki mwenyewe dukani. Ukitumia mwili mzima mara ya kwanza, mara ya thelathini utakuwa unatetemeka, na anayetetemeka halengi.

Sasa kipenyo. Watu wamebishana juu ya 4.5 na 5.5 miaka mingi, na sehemu kubwa ya ubishi huo haimhusu mtu wa mita 15. Chukua bunduki ya joule 15: peleti ya 4.5 yenye uzito wa gramu 0.52 itatoka na kasi ya mita 240 kwa sekunde, na ya 5.5 yenye gramu 0.93 itatoka na mita 180. Nguvu ni ileile. Ile nyepesi inakwenda kwa mstari ulionyooka zaidi, hivyo inakusamehe ukikosea kukadiria umbali. Katika mita 30 ya 5.5 inakuwa imeshuka kama sentimita 15 chini ya mstari wa mtutu na ya 4.5 kama 9. Lakini katika mita 15 tofauti yao ni sentimita moja na nusu hivi, nayo unaimaliza unaporekebisha darubini ya kulengea iliyofungwa juu ya bunduki. Ninachojali zaidi kwako ni kinachotokea baada ya kupiga. Ya 4.5 hupenya kwa urahisi na kutokea upande wa pili ikiwa bado na nguvu, na upande wa pili kuna kuku na ukuta wa jirani. Ya 5.5 huacha nguvu yake nyingi ndani ya panya. Hivyo ushauri wangu: ikiwa bunduki utakayopata ni ya joule 10 kushuka chini, chukua 4.5, maana 5.5 itakuwa nzito mno kwake; ikiwa ni ya 12 mpaka 16, chukua 5.5. Vidole vyako pia vitashukuru gizani, kwani peleti ya 4.5 ni ndogo na inapotea hovyo.

Za kujazwa hewa ni nzuri, sikatai. Hazina teke, zinapiga palepale, nyingi zina magazini ya kupakia peleti kadhaa, na bei yake imeshuka kuliko zamani. Ila bei unayotajiwa ni ya bunduki peke yake. Kwa kawaida bunduki hiyo inataka hewa yenye mgandamizo wa bar 200 au zaidi, kwa hiyo ongeza pampu maalumu ya mkono au mtungi, halafu sili, yaani mipira ya kuzuia hewa, za kubadilisha hewa inapoanza kuvuja. Ukijumlisha yote, mara nyingi imeshapita bei ya springi nzuri pamoja na darubini yake. Ukiamua kuichukua, usikubali mtu akujazie oksijeni ya hospitali au ya wachomeleaji. Oksijeni yenye mgandamizo ikikutana na mafuta au grisi hulipuka. Hewa safi na kavu tu.

Zinazotumia kaboni dayoksaidi ziache kwa kazi hii: zikipata baridi, au ukifyatua haraka haraka, gesi inapoa na nguvu inaanguka. Za kupampu kwa mkono mara kadhaa kabla ya kila risasi zinadharauliwa bure. Hazina teke na ni rahisi kulenga nazo. Tabu yake ni kwamba panya wa pili hatakusubiri umalize kupampu. Pistoni ya gesi badala ya springi ya chuma hutetemeka kidogo kuliko springi, na haichoki ukiiacha imekokiwa kwa muda, lakini ikifa unabadilisha pistoni nzima.

Usimalize pesa zote kwenye bunduki. Bakiza ya darubini na ya peleti. Darubini lazima iwe imetengenezwa kwa bunduki ya upepo ya springi, kwa sababu bunduki hii ina mateke mawili: pistoni ikiondoka bunduki inarudi nyuma, pistoni ikigonga mwisho bunduki inaruka mbele. Teke hilo la pili ndilo linaloua darubini ambazo kwenye bunduki za baruti zingedumu. Pili, iwe na uwezo wa kurekebishwa kwa umbali mfupi, mita 10 na kuendelea. Darubini nyingi za bunduki kubwa zimepangwa kwa mita 90 au 100. Bandani utaona ukungu, na alama ya kulengea itahama kila ukisogeza jicho.

Kuna jambo moja linalowakosesha watu panya wa karibu kabisa. Darubini inakaa kama sentimita 4.5 juu ya mtutu. Ukiipanga ipige sawasawa kwenye mita 15, panya akijitokeza mita 5 kutoka ulipo, peleti itapita karibu sentimita 2 chini ya pale ulipolenga. Ndiyo maana mtu anaapa bunduki imeharibika. Piga karatasi katika mita 5, 10 na 15, uandike tofauti kwenye kitako kwa kalamu. Katika zoezi hilo jaribu aina nne au tano za peleti zenye kichwa cha mviringo, kwa kuwa kila mtutu una peleti unayoipenda na hakuna anayeweza kukutajia yako bila kujaribu. Mipira ya chuma usiiguse, inadunda na kurudi machoni. Matundu matano yakikaa ndani ya sentimita 2, huo ndio umbali wako wa kupiga panya. Yakitawanyika, sogea karibu.

Na usiibane bunduki ya springi. Iachie ilale kwenye kiganja kilicho wazi, begani iguse tu, iruke inavyotaka na irudi vilevile kila mara. Anayeikaba kwa nguvu leo hivi na kesho vile hatapata matundu mawili pamoja.

Kuhusu ukuta wa jirani: usielekee huko kabisa. Badala ya kuwafuata panya, chagua wewe wafie wapi. Weka chambo kidogo, siagi ya karanga inafaa, mbele ya ubao mnene ulioegemezwa kwenye gunia la mchanga au tuta la udongo, na ujikalishe mahali ambapo mstari wako unaelekea chini. Jua likizama ndipo wanatoka. Tumia tochi ya mwanga mwekundu, kwani panya hawauoni vizuri. Usipige kitu kilicho juu ya paa au mtini. Peleti ikikosa huko husafiri mamia ya mita. Mizoga iokote usiku huohuo uifukie, mbwa asile kilicho na madini ya risasi ndani, na nawa mikono ukimaliza kushika peleti. Bunduki ifungiwe, peleti zifungiwe kwingine.

Wakati huohuo hamishia chakula cha kuku kwenye pipa la bati lenye mfuniko, na ziba matundu kwa wavu wa chuma wenye macho ya milimita 6. Panya jike hubeba mimba kwa wiki tatu tu na huzaa watoto wengi kwa mkupuo. Chakula kikibaki wazi, utafyatua mwaka mzima.

Kwenye iliyotumika, hakikisha kwanza haijapakiwa, kisha ifunge na uushike mtutu uutikise kushoto na kulia. Ukicheza, kiungo kimelegea. Utazame kwa urefu kutoka nyuma: mtutu uliopinda kwenda juu maana yake kuna mtu alivuta triga ukiwa wazi, ukaruka wenyewe. Hiyo usinunue kwa bei yoyote, na wewe unapopakia ushike mtutu kwa mkono mmoja muda wote, usije ukakukata vidole. Chungulia mdomo wa mtutu kama una michubuko. Halafu omba kufyatua mara chache kwa peleti halisi kwenye mchanga, kamwe si tupu, kwa sababu bila peleti pistoni inagonga chuma kwa chuma. Moshi na harufu ya mafuta yaliyoungua kila risasi ni dalili kwamba mwenye bunduki alitia mafuta mahali pasipotakiwa. Mwisho laza kipande cha karatasi laini juu ya kiungo cha mtutu ufyatue tena. Karatasi ikipeperuka, hewa inavuja kwenye sili ya kiungo, ambayo ni mpira mdogo wa bei ndogo unaobadilishwa kwa dakika chache; mwonyeshe muuzaji, naye apunguze bei.