Kabla Hujakabidhiwa Funguo: Kwa Anayeanza Kazi Katika Gereza la Jimbo Marekani

Kila mwaka napigiwa simu na vijana wetu waliofika Marekani, wakapata vibali, na sasa wameona tangazo la magereza ya jimbo. Mshahara unaeleweka, bima ya afya ipo, pensheni ipo, digrii haitakiwi. Maswali yao ni mawili tu: kazi ni ya hatari? Na usaili ukoje? Hakuna anayeuliza swali lililonichukua mimi miaka mitatu kulielewa: ndani ya nyumba ile, nani ana haki ya kukuuliza ulifanya nini usiku wa manane?

Nimefanya kazi hiyo miaka kumi na moja, sita kwenye mabloku, yaani majengo ya seli, na mitano katika ofisi ya malalamiko ya wafungwa. Jimbo silitaji. Ninayoyaandika hapa ndiyo ninayowaambia kwenye simu, ila kwenye simu huwa nakatizwa.

Kwanza, jua unaajiriwa na nani. Sisi tukisema fulani yuko jela au yuko gerezani, msikilizaji anaelewa kitu kimoja. Marekani hizo ni nyumba mbili zenye waajiri wawili. Moja, jela, ni ya kaunti, chini ya sherifu, mkuu wa polisi wa kaunti, ambaye kwa kawaida kachaguliwa kwa kura, na wengi waliomo ni mahabusu wanaosubiri kesi au watu waliofungwa muda usiozidi mwaka. Nyingine, gereza, ni ya jimbo, yenye waliokwisha hukumiwa kwa makosa makubwa, kifungo cha zaidi ya mwaka. Magereza ya serikali ya shirikisho ni dunia nyingine kabisa. Majimbo sita tu, yaani Alaska, Connecticut, Delaware, Hawaii, Rhode Island na Vermont, ndiyo yaliyoziweka jela na magereza chini ya idara moja. Tofauti hii utaiona mapema sana. Wa kaunti anaingia leo kalewa, kesho anatoka kwa dhamana. Wa jimbo mtakaa naye mpaka ajue jina la mwanao, na siku akilijua ujue umeshakosea mahali.

Pili, mgeni akimwona mkuu wa gereza anapita na askari wote wanakaa sawa, hudhani pale ndipo mwisho wa reli. Sipo. Juu yake kuna mkurugenzi wa kanda, juu zaidi kuna mkurugenzi wa idara, na huyo katika majimbo mengi huteuliwa na gavana. Texas wana mpango wao: gavana anateua bodi ya watu tisa kwa vipindi vya miaka sita, na bodi hiyo ndiyo inayomwajiri mkurugenzi mtendaji. Usidhani hayo ni mambo ya wakubwa yasiyokuhusu. Kwetu gavana alipobadilika, mkurugenzi alibadilika, na ndani ya mwezi mmoja ubao wa matangazo ulijaa waraka juu ya waraka, mwingine ukifuta uliobandikwa wiki iliyotangulia. Jenga tabia ya kusoma tarehe ya waraka kabla ya kusoma maneno yake.

Mkoba wa fedha uko bungeni. Bunge la jimbo ndilo linalotunga sheria za vifungo na ndilo linalopitisha bajeti, na mara nyingi hufanya la kwanza bila kuangalia la pili: vifungo vinarefushwa, askari ni wale wale. Ndiyo maana utaombwa kuunganisha zamu. Kubali ukiweza, kataa ukichoka. Mtu aliyechoka hawezi kuhesabu watu. Na hesabu ndiyo moyo wa gereza. Mara kadhaa kwa siku kila kitu husimama, mabloku yote huhesabiwa, na mpaka namba ikubaliane na ya makao hakuna anayesogea, hata wa jikoni. Ukikosea mmoja, watu elfu moja wanakusubiri wewe.

Sasa daftari. Hapa nitakaa kidogo.

Kwenye meza ya kila bloku kuna daftari la zamu, gumu la jalada, ingawa siku hizi sehemu nyingi ni kompyuta au kifaa unachokigusisha ukutani kila upitapo. Unaandika saa, ulichokiona, jina. Kwenye seli za waliotengwa kanuni yetu ilitaka kila mlango upitiwe angalau kila nusu saa, tena kwa vipindi visivyokadirika, ili mtu anayepanga kujidhuru asijue utarudi lini. Aliyenifundisha kazi, mzee wa zamu ya usiku, alinionyesha njia ya mkato: unaanza zamu kwa kujaza 23:00, 23:30, 00:00, 00:30 hadi asubuhi, halafu unapita ukipata nafasi. Nilimheshimu, nikafuata.

Mwezi wangu wa nne akaja mkaguzi kutoka makao makuu, mama mfupi mwenye miwani ya kusomea inayoning'inia kifuani. Hakusalimia sana. Alifungua daftari, akaweka kidole juu ya safu ya saa, akakiteremsha polepole mpaka chini ya ukurasa. Akafungua ukurasa mwingine, kidole tena. Kisha akasema, kama anayejisemea mwenyewe, "Hakuna binadamu anayetembea hivi." Akaomba picha za kamera za usiku ule. Mzee wangu alisimamishwa kazi wiki hiyo hiyo. Mimi nilipona kwa sababu moja tu: kurasa nilizojaza mimi zilikuwa mbili mbele, na yule mama alikwisha funga daftari.

Tangu siku hiyo niliandika 01:04, 01:31, 01:57, kwa sababu ndivyo nilivyotembea. Na kuna kosa moja litakalokupata wewe Mswahili peke yako. Usiku mmoja nimechoka, kichwani mwangu ilikuwa saa saba na nusu, nikaandika 07:30. Usifute, usipake rangi nyeupe, usichane ukurasa. Piga mstari mmoja unaoacha kosa lisomeke, andika sahihi pembeni, weka herufi za jina lako. Daftari lenye makosa yaliyosahihishwa huaminika kuliko lililo safi kama daftari la harusi.

Na andika ulichokiona, siyo unachokidhani. "Ana kiburi" haimsaidii mtu yeyote. "Nimemwambia arudishe sinia mara mbili, amekataa, mara ya tatu amelitupa sakafuni" inamsaidia kila atakayesoma baada yako. Na watasoma wengi.

Wapo wakaguzi wa ndani, kama yule mama. Wapo wa ithibati, wanaothibitisha kwamba gereza limefikia viwango, ambao idara huwaalika yenyewe. Ujio wao hujulikana mapema, na utaujua kwa harufu ya rangi mbichi kwenye korido. Sina dharau nao, ila gereza lililopakwa rangi jana si gereza unalolifanyia kazi. Wapo wanaofuata sheria ya shirikisho ya mwaka 2003 kuhusu ubakaji magerezani: kwa kanuni zilizotolewa 2012, kila gereza hukaguliwa mara moja kila miaka mitatu na mtu wa nje, naye huzungumza faragha na wafungwa na askari. Ukiitwa, sema ukweli na usiulize wenzako walisema nini.

Halafu kuna usimamizi huru hasa, wa watu wasiolipwa na idara ya magereza. New York kuna chama cha kiraia chenye ruhusa ya bunge la jimbo kuingia na kukagua magereza tangu 1846. Illinois kuna kingine cha tangu 1901. California ina ofisi ya Mkaguzi Mkuu, na Washington ilitunga sheria ya ofisi huru ya malalamiko ya magereza mwaka 2018. Majimbo mengi hayana kitu chenye nguvu hizo, na kwa maoni yangu hilo ndilo pengo kubwa kuliko yote, kwa sababu pasipo jicho la nje la kila siku anabaki jaji peke yake, na jaji huja maji yakiwa yameshamwagika.

Anapokuja lakini, anakuja kweli. Mwaka 1970 jaji wa shirikisho alitamka kwamba mfumo mzima wa magereza ya Arkansas unavunja katiba. Mwaka 1972 mfungwa wa Texas, David Ruíz, aliandika mashtaka kwa mkono wake akiwa gerezani. Jaji William Wayne Justice aliyaunganisha na ya wafungwa wengine. Kesi ilisikilizwa siku 159, mashahidi 349, na hukumu ikatoka Desemba 1980. Ndani yake kulikuwa na msongamano, matibabu mabovu, na wafungwa waliopewa mamlaka ya kuwatawala wenzao kwa kipigo kwa sababu askari walikuwa wachache. Mkono wa mahakama haukuondoka Texas hadi 2002. Miaka thelathini, tangu zile karatasi za mkono.

California ni ya karibuni zaidi. Magereza yaliyojengwa kwa watu wasiofika 80,000 yalibeba karibu mara mbili yake. Huduma ya afya iliwekwa chini ya msimamizi wa mahakama mwaka 2006, na Mei 2011 Mahakama ya Juu ya Marekani ilikubali amri ya kupunguza wafungwa hadi asilimia 137.5 ya uwezo wa majengo. Hukumu hiyo imeambatanishwa na picha: vitanda vya ghorofa vimepangwa ndani ya ukumbi wa mazoezi. Ukiziona picha hizo, mtafute kwa mawazo askari wa zamu. Alikuwa mmoja au wawili, na alikuwa na daftari.

Hukumu itakayokugusa wewe moja kwa moja ni ya 1976: kupuuza kwa makusudi mahitaji makubwa ya kitabibu ya mfungwa ni adhabu ya kikatili. Kwa lugha ya zamu ya usiku maana yake ni hii: mtu akikwambia kifua kinabana, wewe si daktari. Labda anaigiza, labda aliigiza mara kumi mwezi huu. Piga simu zahanati, andika saa uliyopiga, andika walivyojibu.

Nyingine ni ya 1974, nayo huua kesi nyingi za askari wapya. Mfungwa anayeweza kupoteza siku za msamaha kwa shauri la nidhamu lazima apewe mashtaka kwa maandishi angalau saa 24 kabla, na baadaye apewe maandishi ya ushahidi na sababu. Ukiandika ripoti yako ya mistari miwili kwa hasira, itafutwa, na mfungwa atarudi blokuni anakutazama.

Nilipohamia ofisi ya malalamiko nilidhani nimepata pa kupumzika. Siku ya kwanza nilikuta boksi limejaa fomu. Kuna mtu alikuwa ameandika fomu sita kuhusu miwani, na zote sita zilijibiwa "imepokelewa, inafanyiwa kazi." Nilipiga simu mbili. Miwani ilikuwa stoo ya mali katika gereza alilotoka, ndani ya bahasha yenye namba yake. Miezi minane mtu hasomi barua za mama yake kwa sababu ya simu mbili.

Askari wapya huichukulia fomu ya malalamiko kama tusi. Mdogo wangu, isome sheria ya 1996: mfungwa haruhusiwi kwenda mahakama ya shirikisho kabla hajamaliza ngazi za malalamiko za ndani, na mwaka 2006 Mahakama ya Juu iliongeza kwamba lazima azimalize kwa taratibu zake, pamoja na tarehe za mwisho. Kwa hiyo ile fomu uliyoikunja ukaisahau mfukoni mpaka ikafuliwa na suruali inaweza kuwa imemfungia mtu mlango wa korti. Na ukiichana makusudi, hiyo si kesi yake tena, ni yako.

Mambo madogo haraka haraka. Usimwahidi mfungwa lolote kuhusu parole, yaani kuachiwa mapema kwa masharti, maana bodi inayoitoa ina watu wake na wewe si mmoja wao. Usipokee hata pipi. Usimbebee ujumbe, hata ukiwa ni "msalimie tu". Wale wanaonaswa na magendo walianza na kitu cha namna hiyo, na wengi walikuwa watu wazuri.

Mwaka wangu wa saba niliitwa ofisini kwa mawakili kutoa ushahidi wa kiapo. Usiku uliohusika ulikuwa wa miaka minne nyuma. Mbele yangu waliweka nakala ya ukurasa wa daftari. Mstari wa kwanza: 01:37, seli ya 14, ameketi kitandani, anasema kifua kinabana. Uliofuata: 01:39, nimepiga zahanati. Na mwingine: 01:58, nesi amefika. Yule mfungwa aliishi, lakini kwa shida, na sasa anadai fidia.

Wakili wake, kijana mtulivu, aliniuliza dakika kumi na tisa nilikuwa nafanya nini. Nikamwambia sikumbuki. Akaniuliza tena, kwa maneno mengine. Nikauvuta ule ukurasa karibu, na pembeni, katika nafasi nyembamba kati ya mistari miwili, palikuwa na maandishi madogo: 01:48, nimepiga tena, nesi yuko bloku B kwa aliyeanguka.

Simu hiyo ya pili siikumbuki hata leo. Mwandiko ulikuwa wangu.