Miezi sita, na kidole cha mama mwenye nyumba

Wiki hii mmeuliza kama ni haki mwenye nyumba kudai kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Nimelisoma hilo swali nikiwa kwenye cherehani nikaacha kushona kabisa, maana sisi wapangaji wa hapa Mtwara jambo hili linatuuma. Jibu langu la haraka ni hapana, sio haki. Kijana wa bodaboda anapata hela ya siku, au binti katoka Newala kaja kusoma chuo, kwao wanamtumia kidogokidogo, halafu unamwambia alete laki tatu siku moja, na ya dalali mwezi mmoja juu yake, hajanunua hata godoro. Azitoe wapi? Anakopa, anaanza maisha na deni. Mtu wa korosho sawa, minada ikianza Oktoba hela yake inaingia kwa wingi, huyo hata mwaka mzima analipa. Ila sio wote tuna mikorosho.

Lakini kwa kweli kinachoniuma mimi sio hesabu ya miezi, ni kuambiwa toka.

Mwaka 2012 nilikuwa nimepanga Ligula, hapahapa mjini Mtwara, chumba na sebule, elfu arobaini kwa mwezi, choo cha nje, tupo wapangaji watatu. Mnakumbuka 2012 mji huu ulivyokuwa, mambo ya gesi asilia yamepamba moto, wageni wa makampuni wanaingia kila wiki, Shangani nyumba zinatajwa kwa dola, kila mwenye kibanda anajiona kalala masikini kaamka tajiri. Mi nilishalipa Julai mpaka Disemba, laki mbili na arobaini, nilizipata kwa kushona sare za shule usiku na mchana. Nilipompa mama mwenye nyumba hela nikamwambia mama naomba tuandikiane, akacheka, akasema mwanangu mi kuandika sijui na wewe ni kama binti yangu tuandikiane nini. Nikamwambia hata mistari miwili tu. Nikachana karatasi katikati ya daftari la mwanangu nikaandika nimepokea kiasi fulani, kodi ya miezi sita, Julai mpaka Disemba 2012, yeye akachukua ile biro akajisugua wino kwenye kidole gumba taratibu mpaka kikawa bluu, akagandamiza. Wino haukutosha akarudia, kwa hiyo vidole vipo viwili kwenye ile karatasi, kimoja hafifu kimoja kimekolea. Nikaikunja nikaiweka kwenye droo ya cherehani huko na sindano na bobini.

Septemba akaja kijana wake anayekaa Dar, na dalali. Wakapima vyumba kwa hatua za miguu, hodi hawakupiga. Jioni tukaambiwa nyumba nzima inachukuliwa na kampuni, mwisho wa mwezi wote muwe mmetoka, wiki mbili. Mama mwenyewe alikaa barazani kwangu hata usoni haniangalii, akasema hela yako iliyobaki utarudishiwa ukishahama mwanangu. Nikamwambia mama nahamia wapi na hela sina mkononi, na vyumba mji mzima vimepanda maradufu? Akanyamaza. Alikuwa anavuta uzi wa kanga yake pale pindo lilipoachia, anavuta tu, nilitaka kumwambia mama niletee nikupigie pindo.

Kijana wake yeye hakunyamaza. Jumamosi tuliamka mlango wa choo haupo. Kaung'oa usiku kaupeleka kwa fundi, anasema unatengenezwa. Watu wazima, na watoto wa kike wawili wakubwa humo ndani! Nikatundika kanga, upepo wa bahari ukija inapepea mpaka tukawa tunaishikilia kwa mkono na tofali chini. Siku tisa. Mimi hilo sijalisahau na sidhani kama nitalisahau.

Siku ya kumi nikaenda kwa mwenyekiti wa mtaa na ile karatasi. Akamwita mama na kijana wake. Akaisoma kwa sauti, akamwonyesha, akamuuliza mama hiki kidole chako? Mama akakitazama kidole chake kwanza, halafu karatasi, akasema cha kwangu baba. Kijana akaanza maneno, mama akamwambia nyamaza, hela ya watu nimekula mimi. Ndo pale ikajulikana kumbe dalali alishatanguliza kitu kwa kijana na kilishaliwa, mama hakujua. Ikaamuliwa mlango urudi siku ileile na sisi tukae mpaka Disemba 31. Na tulikaa. Ila mpangaji wa chumba cha uani, aliyekuwa anapiga kelele kuliko sote, hakuwa amelipa tangu Agosti, na Novemba alihama usiku na deni lake. Hili nalisema kwa sababu ni kweli, mama yule nyumba ile ilijengwa kwa korosho za marehemu mumewe, hakuwa na kitu kingine.

Sasa hapa ndo nakwama na jibu langu la mwanzo. Wengi hawajui kwamba sheria ya 1984 iliyokuwa inadhibiti kodi za pango ilifutwa 2005, kwa hiyo bei ni makubaliano yenu tu. Iliyobaki ni Sheria ya Ardhi ya 1999, na humo mpangaji ana haki ya kukaa kwa amani bila bughudha, na kama hamkuandikiana mwisho wa kupanga, notisi inafuata kipindi mnacholipia. Unalipa kwa mwezi, notisi ni ya mwezi. Maana yake mimi ningekuwa nalipa kila mwezi kama ninavyopigia kelele, 2012 hiyo wangenitoa Oktoba na sheria ingekuwa upande wao. Kilichoniweka ndani ni ile miezi sita niliyoilaani wakati nazitoa.

Kwa hiyo najibu tena, na najua linapishana na la mwanzo: wachukue miezi sita, sawa. Ila iandikwe, hata kwenye daftari la mtoto, na ashuhudie mtu wa tatu. Mwanafunzi na mtu wa hela ya siku waruhusiwe miwili au mitatu, mwenye nyumba akubali hilo. Bati na kuta za nje ni juu ya mwenye nyumba, tusizungushane mvua zikianza. Na ile kodi ya jengo ya serikali inayokatwa kwenye LUKU, ule umeme wa kulipia kabla, tangu 2021 ni ya mwenye nyumba, sisi wenye mita ya kuchangia tunailipa kimyakimya kila mwezi, irudishwe kwenye hesabu ya kodi ya pango. Na mpangaji naye alipe siku aliyosema, sio kuhama usiku.

Ya dalali sijayagusa, yale ya mwezi mmoja kwa kukuonyesha mlango tu. Hayo yaulizeni wiki nyingine nitaandika.