Wanangu hawasomi, mimi nasoma: jibu kwa dada wa Tabata

Dada, unasema wewe unamaliza riwaya kwenye daladala, wanao wa sekondari hawagusi kitabu. Usiwalazimishie unachosoma wewe. Hiyo Peponi unayosoma, riwaya ya Abdulrazak Gurnah kwa tafsiri ya Ida Hadjivayanis, ni tamu kweli ila inataka utulivu, iache kwanza. Anza na Kuli ya Adam Shafi: makuli wa bandarini Zanzibar na mgomo wa 1948. Wasomee kwa sauti baada ya kula usiku, kurasa chache tu, ukatishe pale panapochemka. Watakitafuta wenyewe. (Umeme ukikatika, afadhali!) Baba yao naye ashike zamu, hata ya gazeti. Kununua kila kitabu ni gharama, wapeleke Maktaba Kuu, Barabara ya Bibi Titi Mohamed, wajichagulie.