Jibu: Georgetown na sifa ya kutengeneza masenta

Mkuu, kwa ajili ya mdogo wako mrefu anayetafuta chuo, umeuliza kama Georgetown, chuo kikuu cha Washington, kweli walikuwa wanatengeneza masenta (wachezaji warefu wa kikapu wanaocheza karibu na goli) au walikuwa wanaokota waliokwisha iva. Yote mawili, ila si kwa kiwango kimoja.

Patrick Ewing alifika 1981 akiwa tayari anagombewa na vyuo vya Marekani nzima. Alonzo Mourning naye vivyo hivyo mwaka 1988. Hao kocha John Thompson aliwanoa tu, hakuwaumba.

Ushahidi wa kweli ni Dikembe Mutombo. Kijana wa Kinshasa, alikwenda Washington kwa ufadhili wa masomo akiwaza udaktari, wala si kikapu. Thompson akamwona, akamchukua. 1991 akachaguliwa wa nne kwenye drafti (uteuzi wa wachezaji wapya) ya NBA, ligi ya kulipwa ya Marekani, na baadaye akawa mlinzi bora wa ligi mara 4! Huyo alitengenezwa.

Nadhani siri ilikuwa mazoezini. Thompson mwenyewe alikuwa senta, akikaa benchi nyuma ya senta nyota Bill Russell pale Boston Celtics, timu ya NBA, kwa hiyo alithamini kuzuia mitupo kuliko mbwembwe. Halafu Mutombo na Mourning walikuwa wakigongana kila siku; ukitoka hapo, mpinzani wa Jumamosi anakutisha na nini?

Tangu hapo, Roy Hibbert (aliyeingia NBA 2008) ndiye wa maana ninayemkumbuka. Ewing alirudi kufundisha 2017, akaondoka 2023 bila kuleta Ewing mwingine. Kwa hiyo mdogo wako mrefu asichague chuo hicho kwa sababu ya picha za ukutani. Aangalie nani anafundisha masenta sasa hivi.