Ukungu ukutani, kesi mahakamani: maswali yenu kuhusu nyumba za kaunsili Uingereza

Tangu Oktoba 27, 2025, ilipoanza kutumika sheria iliyopewa jina la Awaab Ishak, mtoto aliyekufa kwa kuvuta ukungu wa nyumbani kwao, maswali kuhusu ubovu wa nyumba za kaunsili (yaani halmashauri za mitaa) na za mashirika ya nyumba yamekuwa mengi. Kazi yangu imekuwa kuwatetea wenye nyumba hizo wanaposhtakiwa na wapangaji, na nadhani mpangaji anafaidika akijua upande wa pili unafikiri vipi. Majibu haya ni kwa ajili ya England. Mwishoni nimegusia Wales na Scotland.

Shikamoo wakili. Naishi Leicester katika nyumba ya kaunsili na wanangu watatu. Nyuma ya kabati la chumba cha watoto ukuta umeota ukungu mweusi. Ofisa alikuja akatazama, akasema ni mvuke wa mapishi yetu na nguo tunazoanika ndani, tufungue madirisha. Ndiyo basi?

Marahaba mama. Sivyo kabisa, ingawa ofisa huyo hakuyatoa maneno yale hewani. Utetezi wa "ni mvuke wenu" una historia. Kifungu cha 11 cha sheria ya wenye nyumba na wapangaji ya 1985 kinamtaka mwenye nyumba atengeneze muundo wa nyumba na sehemu yake ya nje, pamoja na mitambo ya maji, gesi, umeme na kupasha joto. Kutengeneza maana yake kuna kitu kimeharibika. Mwaka huohuo wa 1985, katika kesi ya Quick dhidi ya kaunsili ya Taff Ely huko Wales, mahakama ya rufaa ilikuta nyumba yenye madirisha ya fremu za chuma, maji yakitiririka ndani mpaka nguo zinaoza. Ikasema hali ni mbaya, lakini hakuna kilichovunjika, kwa hiyo wajibu wa kutengeneza, ambao sasa uko katika kifungu cha 11, haumsaidii mpangaji. Mawakili wa utetezi waliishi na hukumu hiyo kwa zaidi ya miaka thelathini.

Siku hizi haitoshi. Mwaka 2011, katika kesi ya Grand dhidi ya Gill, mahakama ilikubali kwamba plasta ya ukutani ni sehemu ya muundo wa nyumba. Plasta ikivimba na kumeguka kwa unyevu, basi kuna kitu kimeharibika. Kubwa zaidi ni sheria ya 2018 ya nyumba kufaa kukaliwa na binadamu. Ilianza Machi 20, 2019, na mwaka mmoja baadaye ikawahusu hata wapangaji wa kaunsili waliokuwa wameshapanga kabla yake. Chini ya sheria hiyo huhitaji kuonyesha kilichovunjika. Swali ni je, nyumba inakalika? Unyevu na ukungu ni miongoni mwa hatari 29 zinazopimwa, na ukuta usio na kinga ya baridi au bafu lisilo na feni ya kuvuta hewa ni jambo la mwenye nyumba, hata kama hakuna kilichovunjika.

Utetezi uliobaki ni kwamba mpangaji mwenyewe ndiye chanzo, yaani ameitumia nyumba kinyume na anavyopaswa. Hapo mkaguzi wa majengo ndiye anayeamua mengi, nami napenda mpangaji ajue anatazama nini. Unyevu unaopanda kutoka ardhini huacha mstari kama wa maji ya bahari yaliyokupwa, chini ya ukuta, mara nyingi na chumvi nyeupe. Maji yanayovuja kutoka juu huacha doa la kahawia lenye kingo. Mvuke huleta ukungu mweusi kwenye kona za baridi, ukuta wa nje, nyuma ya makabati. Wako unafanana na huo wa tatu. Lakini mvuke unaganda pale kwa sababu ukuta ni baridi, na mkaguzi anayejua kazi ataendelea kuuliza: kwa nini ni baridi? Je, feni inavuta? Redieta inapata moto? Mfereji wa paa nje unamwaga maji kwenye ukuta huohuo? Ofisa aliyetazama akaondoka hajafanya uchunguzi. Oktoba 2021 Ombudsmani wa Nyumba, mwamuzi huru wa malalamiko ya wapangaji, alitoa ripoti nzima ya kuwaonya wenye nyumba waache kusingizia mtindo wa maisha ya wapangaji.

Kwa hiyo andika leo, kwa barua pepe, taja tarehe ulipoona ukungu, umri wa watoto na kama kuna mwenye pumu. Chini ya sheria ya Awaab, hatari kubwa ya unyevu na ukungu inatakiwa ichunguzwe ndani ya siku 10 za kazi, upewe muhtasari wa maandishi ndani ya siku 3 za kazi baada ya uchunguzi, na nyumba ifanywe salama ndani ya siku 5 za kazi baada ya uchunguzi huo. Ikiwa ni dharura, ni saa 24. Wakishindwa kuifanya nyumba iwe salama kwa muda huo, watafute mahali pengine pa familia kukaa kwa gharama zao.

Nilimwambia fundi aliyekuja kutengeneza boila kwamba dari linavuja. Akasema atapeleka habari. Mwaka umepita. Je, hiyo inahesabika? (Baba, Barking)

Kimsingi taarifa ya mdomo ni taarifa, na ikimfikia mwenye nyumba kupitia watu wake inaweza kutosha. Lakini nikuambie ukweli wa upande wetu: jambo la kwanza linalotafutwa kwenye faili ni tarehe ambayo mwenye nyumba alijua. Tangu kesi ya O'Brien dhidi ya Robinson ya 1973, wajibu wa kutengeneza ndani ya nyumba hauanzi mpaka ajue. Ikiwa fundi hakuandika, utetezi utasema dari halikutajwa kamwe. Tuma ujumbe sasa, na ndani yake eleza kwamba fundi alikuja siku fulani kwa ajili ya boila na ulimwambia. Ziara yake imo kwenye rekodi za matengenezo, kwa hiyo maneno yako yatakuwa na kitu cha kuegemea. Piga picha ya skrini ya kila ujumbe. Usimtume mtoto akuongelee kwenye simu, omba mkalimani.

Kaka, mimi ni ofisa wa nyumba katika shirika moja huko Birmingham. Barua ya wakili wa mpangaji ikifika, tunaambiwa tusiguse nyumba hiyo mpaka kesi iishe. Mpangaji mmoja ni mama wa Kikongo, dari la bafu limeoza, na ananiuliza kila wiki. Nifanye nini?

Hili ndilo swali lililonifanya niandike safu hii, na jibu langu halina kona: tengenezeni.

Awaab alifariki Desemba 2020, akiwa na miaka miwili. Familia yake iliishi katika fleti ya shirika la nyumba la Rochdale. Wazazi wake walitoka Sudan. Baba yake alianza kulalamikia ukungu mwaka 2017, akaambiwa apake rangi juu yake. Juni 2020 alitafuta wakili na dai likafunguliwa. Utaratibu wa shirika wakati huo ulikuwa kwamba dai likishafunguliwa, matengenezo yanasubiri makubaliano na wakili wa mpangaji. Miezi sita baadaye mtoto akafariki. Novemba 2022 mchunguzi wa vifo alihitimisha kwamba alikufa kwa ugonjwa wa njia ya hewa uliotokana na kuvuta ukungu kwa muda mrefu. Shirika lilikiri pia kwamba lilikuwa na dhana kuhusu mtindo wa maisha ya familia hiyo, na kwamba lilikosea.

Hakuna sheria inayosema msiguse nyumba yenye dai. Utaratibu wa kabla ya kesi unampa mwenye nyumba siku 20 za kazi kujibu barua ya dai na kutoa rekodi zake, na unahimiza wataalamu wakague mapema, ikiwezekana mtaalamu mmoja kwa pande zote mbili. Haukuwekwa ili kazi isimame. Mtu akiogopa ushahidi utapotea, mkaguzi apige picha na kupima leo, mafundi waingie kesho. Wajibu wa sheria ya Awaab nao hausimami kwa sababu wakili ameandika barua.

Kwa upande wa utetezi pia ni busara tupu. Kila wiki dari linavyooza, fidia inaongezeka na gharama za mawakili wa upande wa pili zinapanda. Mara nyingi gharama hizo ndizo zinazolitafuna shirika kuliko fidia yenyewe. Sheria mpya inampa mwenye nyumba nafasi ya kujitetea akionyesha alijitahidi kwa kila njia ya busara kutimiza muda uliowekwa. Ataonyeshaje hivyo huku barua ya ndani inasema "msiguse"? Barua hiyo siku moja itasomwa mbele ya hakimu.

Mpelekee meneja wako maandishi yenye tarehe, yakieleza hali ya dari na nani anaishi humo. Na mkumbushe mpangaji kwamba njia ya malalamiko bado iko wazi kwake. Ombudsmani hazuiwi na barua ya wakili. Hujitoa kesi inapokuwa imefunguliwa mahakamani.

Kijana aligonga mlango, akapiga picha ya bafu, akasema nitapata maelfu ya pauni bila kutoa hata senti. Nisaini kwenye tableti yake? (Dada, Manchester)

Usisaini mlangoni, dada. Mara nyingi huyo si wakili. Anatafuta majina ya kuwauzia mawakili. Mawakili wenyewe wamekatazwa na mamlaka yao kuwafuata watu majumbani bila kuitwa, na kampuni za kutafuta madai zinatakiwa ziwe na kibali cha mamlaka ya fedha, FCA. Ikiwa umeshasaini nyumbani, kwa kawaida una siku 14 za kujitoa.

"Usiposhinda hulipi" ina maana hutamlipa wakili wako. Wakili wa kaunsili je? Katika madai ya kuumia mwili mpangaji analindwa kwa kiasi kikubwa. Katika dai la matengenezo na fidia tupu, akishindwa anaweza kudaiwa gharama za upande wa pili. Ndiyo maana kuna bima, na bima ina masharti. Kampuni moja ya mawakili ya Sheffield ilipofilisika Januari 2024, wateja wake katika madai ya kuta zilizojazwa vizuizi vya baridi walijikuta wakidaiwa maelfu ya pauni ambazo waliamini bima ingelipa. Uliza kwa maandishi: nikishindwa nani analipa, nikishinda mnakata kiasi gani, nikiacha katikati inakuwaje? Msaada wa kisheria wa serikali bado upo kwa wenye kipato kidogo pale ubovu unapohatarisha afya vibaya, na Ombudsmani ni bure.

Nikizuia kodi hawatashtuka wakaja kutengeneza? (Kijana, London)

Watakuja na notisi ya kukutoa. Endelea kulipa. Ukishinda, deni la kodi mara nyingi hukatwa kwenye fidia, na fidia yenyewe kwa kawaida hukadiriwa kama sehemu ya kodi ya kipindi ulichoteseka, kwa miaka isiyozidi sita nyuma. Hata kama kodi yako inalipwa na posho ya serikali, haki ya fidia unayo.

Mafundi walikuja nikiwa Mombasa kwenye msiba, wiki nne. Sasa kaunsili inasema niliwanyima mlango. (Mama, Northampton)

Pole kwa msiba, mama. Kwenye rekodi za kaunsili huenda yapo maneno "hakuna aliyefungua" mara mbili au tatu, na kwa utetezi hayo ni mali, maana muda wa mlango kufungwa hauhesabiwi dhidi yao. Mwenye nyumba anayetaka kukagua anatakiwa atoe notisi ya maandishi ya saa 24. Omba nakala za notisi hizo na ulinganishe na tarehe za tiketi yako. Walikuandikia kweli, au waligonga tu? Wiki nne hizo zitatolewa kwenye hesabu, lakini hazifuti miezi iliyotangulia. Safari ijayo mwachie ndugu ufunguo na uwaandikie jina lake.

Nasomea uwakili na nimepewa nafasi kwenye ofisi inayotetea kaunsili. Wenzangu wananiambia nawasaliti watu wetu. (Binti, Coventry)

Huwasaliti. Kuna madai yaliyotiwa chumvi, na pauni inayolipwa kwa dai la uongo ingenunua feni ya bafu ya mtu mwingine. Ila utetezi mzuri unaanza na rekodi za matengenezo zilizosomwa mstari kwa mstari, na kama rekodi zinaonyesha mteja wako ana makosa, mwambie mapema akubali, atengeneze na atoe ofa. Tangu kesi ya Churchill dhidi ya Merthyr Tydfil, Novemba 2023, mahakama inaweza kuagiza pande zijaribu suluhu nje ya kesi. Jifunze pia kwenda kuiona nyumba. Ripoti haina harufu.

Niko Glasgow, dada yangu yuko Cardiff. Haya yanatuhusu?

Si yote. Wales ina sheria yake ya kupangisha iliyoanza Desemba 2022, na Scotland ina utaratibu wake, ambako muda wa kudai kwa kawaida ni miaka mitano badala ya sita. Wewe anza na Shelter Scotland, dada yako na Shelter Cymru; ushauri wao ni bure.