Jibu: Safari ya kikundi kwenda Verona kwa ajili ya opera, je, inamfaa mama mstaafu?

Dada, umeuliza kama ile safari ya basi kutoka Munich, Ujerumani, kwenda Verona, Italia, yenye kiongozi na maonyesho ya opera (mchezo wa jukwaani unaoimbwa) usiku, itamfaa mama yako atakapokuja kukutembelea kiangazi. Umesema ni mwalimu mstaafu, anaimba kwaya kanisani tangu ujana wake, hajawahi kuona opera hata mara moja, na magoti yanamsumbua. Waliotangulia kukujibu wamekushauri mkate tiketi za treni mwende wenyewe, kwa sababu ni nafuu. Kwa bei wako sahihi, na treni ya moja kwa moja ipo. Mimi naishi huku Bavaria, jimbo lenye mji wa Munich, Verona nimekwenda kwa njia zote mbili, na kwa mtu kama mama yako ningechagua kikundi. Ila si kikundi chochote tu. Ile pesa ya ziada unayolipa ni ya mtu anayewaeleza mnachokwenda kusikiliza. Kama mtu huyo hayupo, au kazi yake ni kuhesabu abiria na kugawa funguo za hoteli, basi hapo umelipia usafiri tu.

Safari niliyoipenda kuliko zote iliongozwa na mzee aliyefundisha muziki sekondari maisha yake yote. Tulipokuwa tunapanda milima kuelekea Brenner, njia ya kuvuka Alpu kuingia Italia, alichukua kipaza sauti cha basi, akasema tutasikiliza kipande cha Aida, opera ya mtunzi Mwitaliano Verdi, pale jeshi la Misri linaporudi na ushindi. Akakipiga. Watu wakatikisa vichwa, wengine wakaendelea kumenya machungwa. Akakipiga tena, na mara hii, katikati, akainua mkono juu ghafla. Hapo ndipo tulipoelewa. Verdi alitaka tarumbeta maalumu kwa ajili ya kipande hiki, ndefu na zilizonyooka, na wapigaji wako katika makundi mawili ya watu watatu watatu. Kundi la kwanza linapiga wimbo. Kisha kundi la pili, lenye tarumbeta za sauti ya juu zaidi, linaupokea wimbo uleule, na wote mnahisi kama mmenyanyuliwa. Ni sawasawa na mwalimu wa kwaya anapopandisha ufunguo kwenye ubeti wa mwisho. Usiku, kwenye Arena, uwanja wa wazi wanaochezea opera Verona, bibi aliyekaa pembeni yangu alinishika mkono kabla kundi la pili halijaanza. Alikuwa analisubiri kundi hilo. Huyo asubuhi kwenye basi alikuwa hajui Aida ni jina la mtu au la mji.

Hicho ndicho unachomnunulia mama. Opera nyingi za pale zinachukua saa tatu na zaidi, zinaimbwa Kiitaliano, na hadithi nzima iko ndani ya nyimbo. Mtu akiingia bila maandalizi ataona mavazi, farasi pengine, na moto wa mienge, atafurahi nusu saa, kisha atachoka. Akiingia akijua nani anampenda nani, nani atamsaliti nani, na masikio yake yakiwa yameshazoea sauti tatu au nne za kuzisubiri, usiku unapita bila yeye kuangalia saa.

Kuhusu mahali penyewe. Arena ya Verona ni uwanja wa Kirumi wa karne ya kwanza, mkongwe kuliko ule maarufu wa Roma. Tetemeko la mwaka 1117 liliangusha karibu ukuta wote wa nje, yakabaki matao machache upande mmoja, na utayaona ukisimama Piazza Bra, uwanja wa mji ulio mbele yake. Opera ilianza pale tarehe 10 Agosti 1913, kwa Aida, kuadhimisha miaka 100 tangu Verdi azaliwe. Aliyelisukuma jambo hilo alikuwa mwimbaji wa tenori wa Verona mwenyewe, Giovanni Zenatello. Maria Callas, mwimbaji wa opera aliyevuma sana, naye aliimba Italia kwa mara ya kwanza hapo hapo, Agosti 1947. Mchana utakuta mapambo ya jukwaa yamewekwa nje uwanjani, masanamu na nguzo kubwa kuliko nyumba, kwa sababu kazi, yaani opera, zinabadilishana: leo hii, kesho ile. Mama atapita katikati yake akienda kunywa kahawa.

Pale kuna desturi ya zamani ya watu walioko kwenye ngazi za mawe kuwasha mishumaa midogo giza likianza kuingia. Kabla ya kila sehemu anatokea mtu aliyevaa mavazi ya onyesho akiwa na upatu mkubwa wa shaba, anaugonga, na maelfu ya watu wananyamaza. Mawe yanakuwa bado na joto la jua la mchana, unalisikia hata kupitia mto wa kukalia. Mimi kila nikifika hapo moyo wangu hujaa, na sijawahi kuuzoea.

Sasa mchagulie kazi yenye kwaya kubwa. Usianze na ile ya watu watatu wanaogombana chumbani, hata kama ni nzuri kiasi gani. Kama ratiba ina Nabucco, ichukue bila kufikiri mara mbili. Inahusu Waebrania waliopelekwa utumwani Babeli, na ule wimbo wa kwaya unaojulikana kuliko yote, "Va, pensiero", umejengwa juu ya Zaburi ya 137, kando ya mito ya Babeli. Mama yako anaijua zaburi hiyo kwa kichwa, nina hakika. Pale Verona wimbo ukiisha watu hupaza sauti wakitaka urudiwe, na mara nyingi hurudiwa. Unaanza kwa sauti ya chini, karibu wote wakiimba wimbo mmoja bila kugawana sauti, na mwana kwaya yeyote anajua ilivyo ngumu watu wengi hivyo kuimba chini bila kushuka.

Kama ni Aida, kuna jambo ambalo wachangiaji wengine hawakuligusa na mimi nataka mlijue kabla. Aida ni binti wa mfalme wa Ethiopia aliyetekwa na kuwa mtumwa Misri. Kazi hii ilionyeshwa mara ya kwanza Cairo, tarehe 24 Desemba 1871. Ilichelewa kwa sababu mapambo na mavazi yalikwama Paris, mji ukiwa umezingirwa na majeshi ya Prussia. Ni hadithi ya Waafrika iliyoandikwa na Wazungu, na kwa miaka mingi waimbaji weupe wamepakwa rangi nyeusi ili wafanane na Waethiopia. Verona waliendelea na desturi hiyo wakati kumbi nyingine zilishaiacha, na mwaka 2022 mwimbaji Mmarekani mweusi Angel Blue alijitoa kwenye maonyesho yake pale kwa sababu hiyo. Msimamo wangu ni kwamba alifanya vizuri, na kampuni ya safari inayopeleka watu bila kuwaambia jambo hili haiwatendei haki. Mama asikutane nalo gizani bila kujua. Muulize kiongozi waziwazi, na msikilize anavyojibu, maana jibu hilo litakuonyesha kama anaijua kazi yake. Anayeijua atakwambia pia habari za Leontyne Price, mwimbaji Mmarekani mweusi aliyeimba Aida kwenye La Scala, ukumbi maarufu wa opera wa Milano, mwaka 1960 na akaliaga jukwaa la opera kwa Aida hiyohiyo, New York, tarehe 3 Januari 1985. Atakwambia na habari za Pretty Yende wa Afrika Kusini, aliyeimba kutawazwa kwa Mfalme Charles mwaka 2023. Sisi watu weusi tumo humo ndani, tena mbele kabisa.

Aida pia inaisha tofauti na watu wanavyotegemea. Baada ya tarumbeta na maandamano yote, mwisho ni watu wawili wamefungiwa kaburini, wanaimba taratibu, na muziki unazimika kidogo kidogo. Hii ndiyo sababu ya swali la kwanza la kuiuliza kampuni: basi linasubiri hadi mwisho? Onyesho linaanza saa tatu au saa tatu na nusu usiku na kumalizika baada ya saa sita. Niliwahi kwenda na kikundi ambacho dereva alitaka kuondoka mapema ili asivuke saa zake za kazi, na watu kadhaa walinyanyuliwa kabla ya kaburi. Walikwenda mbali kote huko, kisha wakakosa kilicho bora.

Safari hiyo hiyo ilikuwa na Verona, Venice, Ziwa Garda, Mantova na Padova, yote kwa siku chache. Saa kumi na mbili asubuhi mizigo iwe mlangoni, mchana kutembea juani Julai, jioni opera. Ilipofika sehemu ya pili nusu ya kikundi walikuwa wamelala. Ukiona ratiba ya namna hiyo, iache hata kama bei inavutia. Unataka siku ya opera iwe na asubuhi ya polepole, mazungumzo ya saa moja kuhusu kazi ya usiku huo, chakula cha mchana, halafu mtu alale. Maonyesho mawili, siku moja katikati ya kupumzika, yanatosha kabisa.

Magoti. Ngazi za mawe za Arena ni ndefu, kila moja kama kimo cha kiti, hazina mgongo wa kuegemea, na mtu anakaa juu yake hadi usiku wa manane. Kwa mama sizipendekezi hata na mto. Kampuni nyingi zinaweka tiketi ya mawe kwenye bei ya tangazo kwa sababu ni ya makumi machache ya euro, na viti vya chini vya mbele vinaweza kupita euro 200. Uliza tiketi iliyomo ni ya sehemu gani, kwa maandishi, na uombe nyongeza ya kiti chenye mgongo. Uliza pia umbali wa kutembea kutoka basi linapoegesha, maana mabasi hayafiki mlangoni, na kurudi ni usiku kwenye mawe yenye utelezi kama kumenyesha.

Mvua nayo ina kanuni yake: ikinyesha kabla hawajaanza na onyesho likafutwa, fedha hurudi. Wakishaanza halafu mvua ikawakatisha, hairudi. Kikundi kizuri hueleza mapema na hubeba makoti ya mvua, kwa sababu mwavuli huwezi kuufungua mbele ya watu.

Kwa mama mwenye magoti kuna chaguo lingine la karibu zaidi, nalo ni Bregenz, Austria, kwenye Ziwa Constance. Jukwaa limejengwa majini, watazamaji karibu 7,000 wako ufukweni kwenye viti vya kawaida, na opera inachezwa kama saa mbili bila mapumziko. Kutoka Munich mnaweza kwenda na kurudi bila kuchoka sana. Kwaya ya pale haikupi kile cha Verona, na kazi ni moja tu inayorudiwa kiangazi mbili mfululizo, lakini kama daktari wake ataweka mashaka juu ya safari ndefu, mpelekeni huko kwa roho nyeupe. Bayreuth, tamasha la Ujerumani la opera za mtunzi Wagner, ambako mtu mmoja amekuambia uende, ni ya waliokwisha kuzama kwa Wagner. Usimwanzishie mama hapo.

Kuhusu Venice, kama ipo kwenye ratiba: mwalimu wa umri wake huenda alisoma au kufundisha Mabepari wa Venisi, ile tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya mwaka 1969 ya tamthilia ya Shakespeare. Basi badala ya kumpitisha kwenye maduka ya vioo, mpeleke taratibu Rialto, halafu Ghetto, mtaa ambao Wayahudi wa mji ule walilazimishwa kuishi kuanzia 1516. Akifika pale Shylock, yule Myahudi mkopeshaji wa tamthilia hiyo, atakuwa mtu mwingine kwake. Panda boti, maana madaraja karibu yote yana ngazi.

Viza aombe moja tu. Akipewa ya Schengen na Ujerumani, kwa kuwa huko ndiko atakakokaa muda mrefu zaidi, Italia na Austria anaingia kwa hiyohiyo. Ada ni euro 90, bima ya matibabu iwe ya angalau euro 30,000, na maombi yanapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari. Usilipe kikundi kabla hajapata, au lipia chenye sharti la kurudisha fedha viza ikikataliwa.

Ukipata ratiba yao kamili, iweke hapa uzini pamoja na jina la kazi ya kila usiku na aina ya kiti. Nitaisoma mstari kwa mstari. Na anza sasa kumpigia mama "Va, pensiero" kwenye simu, mara mbili au tatu kwa wiki, bila kumwambia ni ya nini.